Sikio likizima ghafla usisubiri, steroidi zina siku zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni miezi sasa, na kila nikifungua kurasa zenu za afya naona presha, naona kisukari, naona macho, hata meno yana zamu yake, lakini sikio silioni. Na mi sikio ndo lilinipata.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mi nalala ubavu wa kulia kwa hiyo sikio la kulia linabaki kwenye mto na la kushoto ndo linakuwa juu, sasa siku hiyo kengele ya simu ikalia ikalia mpaka mume wangu akatoka chumba cha pili akaja kunitikisa, mama watoto, hujasikia simu? Sikuwa nimesikia kitu. Nilipoinua kichwa sauti zote zikaingia kwa mkupuo, lakini upande mmoja tu. Mdogo wangu akapiga baadaye nikaweka simu sikio la kushoto kama nilivyozoea, kimya, nikajua simu imeharibika, nilipoihamishia kulia nikamkuta katikati ya sentensi, dada mbona hunijibu, uko salama? Na ndani ya lile sikio lililozima kulikuwa na mlio, kama friji inavyonguruma usiku nyumba ikiwa imetulia, haukatiki.

Sikuogopa, na hilo ndo linaniuma mpaka leo. Hakukuwa na maumivu, hakukuwa na usaha wala homa. Nikasema ni maji ya kuoga yameingia, au mafua yameziba, kesho litazibuka lenyewe. Jumatatu nikaenda kituo kimoja cha afya, sitakitaja, yule aliyenihudumia akachungulia sikio kwa kile kitochi akasema mwalimu kuna nta kidogo humu, akaniandikia dawa ya matone na antibayotiki niende nikatumie wiki nzima. Nikatumia zote, sikuruka hata tone moja. Wiki ikaisha nikarudi, safari hii nikaambiwa ni mafua yameziba mrija unaotoka sikioni kwenda kooni, nikapewa dawa ya kupuliza puani. Nikapuliza. Kila nikitoka pale nilikuwa nashukuru kwamba nimehudumiwa, na kumbe siku zilikuwa zinakatika.

Siku ya 19 ndo nikafika kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hakunichungulia kwanza. Alichukua kile chuma chenye meno mawili kama uma akakigonga kwenye goti lake kikalia, akakisimika katikati ya paji la uso wangu akauliza mama, unasikia upande gani? Nikasema kulia. Nikaona uso wake umebadilika. Akaniuliza lini imeanza, nikahesabu kwa vidole, akanyamaza kidogo halafu akaniambia ungekuja wiki ya kwanza.

Mhariri, hiyo sentensi ndo iliyoniandikisha hii barua.

Sasa nieleze nilichojifunza maana nimeuliza sana na nimesoma sana tangu siku hiyo. Sauti inapita kwenye tundu la sikio, inagonga ngoma ya sikio, inapokelewa na vifupa vitatu vidogo, halafu inaingia sikio la ndani, kwenye kitu kilichojikunja kama gamba la konokono wanaita koklea, kimejaa maji na kina seli zenye vinyweleo vidogo mno, kama elfu 15 hivi kwa kila sikio. Hizo seli ndo zinageuza sauti iwe habari ya kupelekwa kwenye ubongo, na zikifa hazioti tena. Damu inayozilisha inapita kamshipa kamoja kembamba na hakana njia ya pili ya kusaidia. Kwa hiyo kuna kuziba kwa namna mbili ambazo mgonjwa anazisikia sawasawa kabisa. Ya kwanza ni ya njiani, nta, maji, mafua, hiyo inangoja, hata ikikaa mwezi ikizibuliwa unasikia. Ya pili ni ya sikio la ndani au neva yake, na hiyo haingoji. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuzitofautisha kwa kuhisi, zote zinasema "sikio limeziba", na ndo maana watu wanapotezewa siku.

Madaktari wana kipimo chao, wanasema ikiwa usikivu umeshuka desibeli 30 au zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye ngazi tatu za sauti zinazofuatana, ndani ya saa 72, basi hiyo ni kupoteza usikivu kwa ghafla na ni dharura. Karibu kila mara ni sikio moja. Wengi wanaamka nalo asubuhi kama mimi, wengine wanasikia kitu kama kupasuka kidogo halafu kimya, wengi wanapata mlio na baadhi wanapata kizunguzungu. Kwa hesabu za Marekani ni watu kati ya 5 na 27 kwa kila watu 100,000 kila mwaka, na mara tisa kati ya kumi sababu haijulikani hata baada ya vipimo. Wanashuku virusi, wanashuku damu kushindwa kufika, wanashuku kinga ya mwili kujishambulia yenyewe. Wachache sana ni uvimbe kwenye neva ya kusikia, ule usio saratani, ndo maana mi pia nilipelekwa MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa, ikaja safi.

Dawa yenyewe ni steroidi. Najua hilo neno linatisha watu, wengine wanafikiria za wanaonyanyua vyuma, hapana, hizi ni za jamii nyingine, ndo zile prednisoloni na deksamethasoni ambazo watu wa pumu na aleji wanazijua miaka mingi, kazi yake ni kutuliza uvimbe na moto wa ndani ya mwili. Kwa sikio hutolewa vidonge, kawaida prednisoni au prednisoloni miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, isizidi 60, dozi kamili siku 7 mpaka 14 halafu inashushwa kidogo kidogo. Au hutolewa sindano inayopitishwa kwenye ngoma ya sikio. Mwongozo wa chama cha madaktari wa masikio wa Marekani, wa 2012 na ukarekebishwa 2019, unasema daktari anaweza kumpa mgonjwa steroidi, na zianze ndani ya wiki mbili tangu sikio lizime. Ukichelewa, au vidonge vikishindwa, bado kuna nafasi ya sindano za kuokoa kati ya wiki ya pili na ya sita. Baada ya hapo matumaini yanakuwa membamba sana.

Hapa nataka niwe mkweli maana sipendi barua za afya zinazoahidi miujiza. Steroidi si dawa ya uhakika. Kuna watu sikio linarudi lenyewe bila dawa yoyote, tafiti za zamani zinasema ni kati ya theluthi moja na theluthi mbili, na kuna watu wanameza dozi yote na hakuna kinachorudi. Utafiti uliozifanya steroidi zikubalike ni wa 1980, waliomeza dawa asilimia 61 walipata nafuu na waliopewa kidonge kitupu ni asilimia 32, lakini ulikuwa utafiti mdogo na wataalamu wengine mpaka leo wanabishana nao. 2011 Marekani walichukua wagonjwa 250, nusu vidonge nusu sindano za sikioni, miezi miwili baadaye makundi yote mawili yalikuwa yamepanda karibu sawa, vidonge desibeli 30.7 na sindano 28.7. Na 2024 Wajerumani wakatoa wa wagonjwa 325, walitaka kujua kama dozi kubwa sana inazidi dozi ya kawaida, haikuzidi, ilileta madhara zaidi tu. Kwa hiyo mtu akikuambia ongeza dozi upone haraka usimsikilize.

Nikiulizwa mi nasema hivi, ukiwa na dawa ambayo huenda inasaidia, ambayo ni ya wiki mbili tatu tu, na mlango wake unafungwa baada ya siku chache, na kitu unachokiokoa kikifa hakioti tena, huwezi kukaa unangoja kuona. Aamue mgonjwa mwenyewe akiwa ameelezwa. Mi sikuelezwa. Kuna mwalimu mwenzangu shule ya jirani alipatwa na kitu kilekile, yeye mkewe alimburuza kwa mtaalamu siku ya tatu, akaanza vidonge siku hiyohiyo na saivi anasikia karibu kama zamani. Siwezi kuapa kwamba ni vidonge, pengine lingerudi lenyewe. Lakini yeye alipewa nafasi ya kujaribu wakati nafasi ipo, na hiyo ndo tofauti yetu mi na yeye.

Kwa vile nilikuwa nimeshapita wiki mbili, mi nilipangiwa sindano, nne, kwa siku zilizoachana. Niwaeleze maana najua mtu akisikia sindano ndani ya sikio anakimbia. Kwanza unapimwa usikivu kwenye kale kachumba kasikopenya sauti, unavaa vile vya masikioni, ukisikia mlio unabonyeza, na sikio zima wanaliwekea mvumo ili lisije likamsaidia mwenzake kwa siri. Wakachora mchoro, sikio la kulia ni viduara vyekundu na la kushoto ni alama za X za bluu, viduara vyangu vimepanga mstari juu huko kama ndege kwenye waya na zile X zimeporomoka mpaka desibeli 75, na hapo namba ikiwa kubwa ndo usikivu mbaya zaidi. Nikautazama ule mchoro nikalia pale pale, maana mpaka hapo nilikuwa bado naamini ni nta.

Sindano yenyewe wanaganzisha ngoma ya sikio kwanza, unalala ubavu sikio bovu likiwa juu, sindano ni nyembamba, kuna mchomo mfupi halafu unahisi kitu cha uvuguvugu kinajaa ndani. Dawa lazima iwe na joto la mwili, ikiwa ya baridi dunia inazunguka. Halafu unaambiwa kaa hivyohivyo nusu saa, usiongee na usimeze mate, maana ukimeza ule mrija unafunguka na dawa inakimbilia kooni badala ya kubaki inaloweka koklea. Nusu saa bila kumeza mate ni ndefu sana. Nilikuwa na kitambaa mdomoni nimekodolea saa ya ukutani, nesi akawa anapita ananigusa bega, vumilia mama, bado dakika kumi. Kizunguzungu kilinipata mara moja, kikaisha baada ya muda mfupi. Kuna wachache ngoma inabaki na tundu, kwangu ilijifunga. Faida yake dawa haitembei sana mwilini, kwa hiyo mtu wa kisukari ambaye vidonge vingempandisha sukari anaweza kuongea na daktari wake kuhusu hii njia.

Na vidonge navyo si vya kuchezea. Tafadhalini sana mtu asije akasoma barua hii akaenda dukani kununua prednisoloni kwa kichwa chake. Zinapandisha sukari, zinapandisha presha, zinakunyima usingizi, zinabadilisha hasira, zinasumbua tumbo la mwenye vidonda, na aliye na maambukizi yaliyojificha kama kifua kikuu zinaweza kuyaamsha. Kinachotakiwa upesi ni kupimwa, dawa inafuata kipimo. Na ikiwa pamoja na sikio uso umeanguka upande mmoja, mkono umelegea au maneno hayatoki sawa, hapo hata usimtafute daktari wa masikio, kimbia hospitali dakika hiyohiyo kwa sababu hiyo inaweza kuwa kiharusi.

Mimi sikio langu limerudi nusu. Sauti nene zimepanda, sauti nyembamba hazikurudi, kipimo cha mwisho kilikuwa desibeli 50 na kitu. Mlio upo, mchana nausahau, usiku nawasha feni ili nao upate mwenzake. Watu wanadhani kusikia kwa sikio moja ni kusikia nusu, si hivyo, unasikia lakini hujui inatoka wapi. Nauliza swali darasani, mtoto anajibu vizuri kabisa, na mi nageuka upande wa dirishani kumsifia kumbe aliyejibu yuko upande wa mlango. Mwanzoni walinyamaza, saivi wameniwekea utaratibu wao wenyewe, anayejibu anasimama na kunyoosha mkono mpaka nimwone. Hakuna aliyewafundisha. Kuna binti mmoja wa mstari wa mbele, mdogo kuliko wote, yeye tukitoka nje huwa anazunguka anakuja kutembea upande wangu wa kulia.

Sasa ombi langu, Mhariri, ndo hili. Wanaopokea wagonjwa mara ya kwanza, wa zahanati, wa maduka ya dawa, manesi wa shule, mtu akija kusema sikio moja limeziba ghafla na ukichungulia ndani hamna nta ya kutosha kuziba, usimpe matone akakae nayo wiki. Kale kauma ka kugonga ni chuma tu, hakana betri wala umeme, na jibu linapatikana kwa dakika moja. Na kama kauma hakapo mwambie afunge mdomo agune mmmm kwa sauti nene, kama mtu anayeanza kuimba, akuambie anasikia zaidi upande gani. Kama mvumo unaelekea kwenye sikio lililoziba, mara nyingi ni nta au mafua. Kama unakimbilia sikio zima, kama kwangu ulivyokimbilia, basi sikio la ndani ndo lenye shida na huyo mtu apelekwe kupimwa usikivu siku hiyo au kesho yake. Hiyo mmmm haichukui nafasi ya kipimo, ila inatosha kumfanya mtu asirudishwe nyumbani. Antibayotiki haisaidii hapo, wala dawa za virusi, na hizo za virusi mwongozo wenyewe unasema zisitolewe hovyo. Na mkishampa steroidi msimwache, apimwe tena akimaliza na tena ndani ya miezi sita, na kama halikurudi aelezwe habari za vifaa vya kusaidia kusikia, maana kuna watu wanaambiwa pole tu wanarudi nyumbani na hawajui kwamba kuna vifaa vinavyochukua sauti ya upande bovu kuipeleka upande mzima.

Ukurasa wenu wa afya unasomwa na watu wengi, nimeuona umebandikwa mpaka kwenye kuta za vituo vya afya. Naomba siku moja mtoe kona ndogo, si lazima makala ndefu, mwandike hiyo habari ya kuguna mmmm na hiyo namba, siku 14. Mi nilikuwa na siku 14 nikazimalizia kwenye matone ya nta, kwa sababu hakuna mtu aliyenitajia hiyo namba.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwalimu